Mchota Maji

Kitsao, leo nimekuona kwa sekunde nne.
Nilizihesabu.
Nilikuwa nimepeleka mitungi pale hotelini,
mpishi akanishika bega: "Mbeyu, yule si kakako?"
Kundi zima lilikuwa likikata kona,
kofia ngumu, miwani, miguu iliyonyolewa,
wote sare, wote mmoja,
nami nikakujua kwa mgongo:
umejaa chupa hadi shingoni,
nundu juu ya nundu,
unapenya katikati ya watu kama mwenye haraka ya msibani.
Kisha kamera ikamrudia yule mwenye jina.

Nilicheka, kaka. Mpishi hakujua ninacheka nini.

Bomba likikauka Barani, nani alikuwa akitumwa?
Blekmamba ya babu, mitungi sita,
miwili kila ubavu, miwili juu imefungwa kwa mpira,
na wewe umesimama kwenye pedeli
kwa sababu kiti kilikushinda urefu.
Shilingi ishirini mtungi. Ukimwaga, umejimwagia.

Halafu ile baiskeli nyembamba ya mkopo,
alfajiri, Ganda, Jilore, Langobaya,
mbuzi wamelala katikati ya lami hawakuogopi.
Kocha alisema mwendesha baiskeli hufunzwa na mlima.
Malindi mlima tuutoe wapi?
Ukaufanya mwinuko wa Sabaki kuwa mmoja,
mara arubaini, kwenda na kurudi,
madereva wa malori ya chumvi wakikupigia honi,
na kusi ilipovuma ukageuza uso ukaielekea:
"Huu ndio wangu," ukasema, "mlima usioonekana."

Mkataba ulikuja kwa Kitaliano.
Ulimsomea mama kwa Kitaliano kile cha ufukweni,
cha kuuzia vibangili na kusema chao bella,
na mahali pamoja ulisoma haraka.
Mama hakusikia. Mimi nilisikia.
Gregario.
Ukasema maana yake ni mwenza.
Nilimwuliza bibi wa duka la dawa, aliyezaliwa huko.
Akafikiri, akafuta miwani:
"Ni wa kundini, mwanangu. Anayemfanyia kazi mwingine."

Sikumwambia mama.
Yeye bado anauliza, kila Jumapili, atashinda lini.
Baba, na kisu chake cha kugemea kiunoni,
humjibu kwa methali aliyoipindua mwenyewe:
mgema akisifiwa, tembo hulitia maji;
huyu wetu hasifiwi, na maji anayatia tu.

Usiku uliniachia sauti.
Nyuma yako kulikuwa na mtu anakoroma.
"Mbeyu, leo nimeshuka kwenye gari mara tisa.
Chupa nane, nane. Nimewagawia wote.
Nimekata upepo kilomita sitini, bosi yuko mgongoni mwangu,
hakuloa hata jasho.
Mlima ulipoanza, wakaniambia basi, kazi yako imekwisha.
Nimekuwa wa mia na thelathini na moja.
Wanasema nimefanya vizuri sana."
Ukanyamaza kidogo.
"Vidole vilikufa kwa baridi. Kuna mtu amenivua viatu
kama mtoto."

Nimeisikiliza mara tatu hiyo sehemu ya viatu.

Bati juu yetu ni la miguu yako, sikatai.
Karo ya Kadzo, dawa ya presha, simu hii.
Na Oktoba mkataba unakwisha,
nawe hujasema lolote, na sisi hatujauliza,
tunazungumza mvua, tunazungumza bei ya unga.

Mimi langu ni dogo.
Ukishawagawia wanane,
ukarudi mbele, ukaishika ile mipini,
chupa iliyobaki huwa ya nani?

Nijibu ukipata nafasi.
Huku bomba limekauka tena, nina safari tatu kabla ya adhuhuri.
Kiti cha blekmamba nilikishusha ulipoondoka.
Juzi nimekipandisha.
Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kukanyaga
akiwa ameketi.